Sindano za Uso wa Swaumu

Zaidi alilisoma jina kabla hajamwona mwenye jina. Swaumu Mhina, miaka thelathini na minne, mkulima, Kabuku. Chini yake, kwenye mstari wa sababu ya kuja kliniki, dada wa mapokezi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa haraka: uso umeharibiwa na jua, sindano za damu yake mwenyewe.

Aliigeuza karatasi akatazama nyuma, kana kwamba huko angekuta maelezo ya Swaumu Mhina mwingine, wa Kabuku nyingine, aliyeumbwa kwa ajili ya kumwokoa yeye tu siku hiyo. Nyuma palikuwa peupe. Akavua glavu alizokuwa amevaa, akavaa mpya, kisha akazivua na hizo maana viganja vilishalowa jasho.

Kliniki ile ya ngozi, pale Masuguru, ilikuwa ya Daktari Agripina, mama wa makamo aliyekuja Korogwe mara chache kwa mwezi. Jumamosi zake fundi wa maabara alikuwa Zaidi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unamtoa mtu damu mkononi, unaiweka kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi mpaka wekundu unakaa chini na maji ya njano yanabaki juu. Maji hayo ndiyo yenye chembe sahani, zile ambazo mwili unazitumia kuponyea vidonda, na daktari anayachoma usoni kidogo kidogo kwa sindano nyembamba. Wanawake walikuja kutoka Hale, kutoka Segera, hata Tanga mjini, na wote Zaidi aliwatoa damu huku akiwapigia soga za jua na mvua. Huyu wa leo hakuwa na soga ya kumpigia, maana soga ya jua ndiyo iliyowafikisha hapo walipo.

Mlango uligongwa mara moja, ukafunguliwa.

Swaumu alivaa gauni la kitenge na mtandio wa rangi ya udongo. Alikuwa amekonda kidogo. Uso ulikuwa ule ule: mabaka meusi mashavuni, ngozi ngumu juu ya pua, mikunjo ya mtu aliyekaa miaka mingi akikodoa macho kwenye mwanga mkali. Katikati ya yote hayo yalikuwa macho yake, makubwa, matulivu, na Zaidi alipokutana nayo alitazama chini kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Habari za kazi," Swaumu alisema.

"Nzuri. Karibu. Swaumu, mimi..."

"Asante. Nikae wapi?"

"Hapo kwenye kiti. Lakini kama hutaki nikutoe damu mimi, naweza kumpigia simu mwenzangu aje."

"Mwenzako wa nini? Nimeuliza mapokezi, wakaniambia Jumamosi yupo Zaidi tu. Ndiyo maana nimekuja Jumamosi." Alikunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaulaza mkono juu ya mto. "Toa."

Zaidi alifunga mpira juu ya kiwiko. Mkono wa Swaumu ulikuwa mkono wa jembe, na mshipa ulisimama wenyewe, mnene, ambao hata mtu anayejifunza kazi asingeukosa. Zaidi aliukosa. Miaka tisa ya kutoa watu damu, watoto wachanga na vikongwe wenye mishipa myembamba kama nyuzi, na leo sindano ikapita pembeni.

"Samahani," alisema.

"Hayo ndiyo unayoyajua." Swaumu alikuwa akitazama ukutani. "Rudia."

Mara ya pili damu ilikuja. Ilijaza chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyeusi nyeusi na ya moto, na joto lake lilipenya kwenye glavu likamfikia vidoleni. Alibandika pamba na plasta. Angetamani aushike mkono ule hata sekunde moja zaidi, lakini Swaumu aliukunja akaurudisha kifuani kwake.

Daktari Agripina aliingia, akampaka Swaumu dawa nyeupe ya ganzi uso mzima, nene, mpaka yakabaki macho na midomo. "Nusu saa ishike vizuri, dada yangu. Na nikwambie ukweli kabla hatujaanza: sikupi sura nyingine. Ngozi italainika, mabaka yatapungua, huenda sana, huenda kidogo. Utarudi mara tatu. Sawa?"

"Sawa, daktari. Sura nyingine sijaiomba."

Daktari akatoka kwenda kwa mgonjwa wa chumba cha pili. Zaidi alipanga chupa kwenye mashine, akafunga kifuniko, akabonyeza. Mashine ikaanza kuvuma. Walibaki wawili, yeye amesimama na mgongo kwenye meza, mwanamke aliyempenda amekaa mbele yake na uso mweupe pee kama mwali wa ngoma, na pengine siku nyingine wangecheka mpaka wakashika mbavu.

Walijuana miaka miwili iliyopita. Mzee Mhina, baba yake Swaumu, alikuwa amepata kiharusi miaka mingi nyuma, na kila mwezi binti alimleta Korogwe hospitalini kupimwa. Zaidi ndiye aliyekuwa akimtoa mzee damu. Alimtoa taratibu, akimwita mtani, akimtania kuwa damu ya Mzigua ina mchanga ndani yake, na mzee ambaye nusu ya mdomo ilikuwa imekufa alicheka kwa nusu iliyobaki. Swaumu alimpenda Zaidi kwa kicheko kile cha baba yake. Alikuwa amelima peke yake miaka minane, mahindi na machungwa, jua la Handeni likimla usoni, na hakuwa na mtu wa kumchekesha mzee.

Mzee alifariki Januari. Na kwa asiyejua mambo ya watani wa huku, msiba wa Mzigua haujakamilika mpaka Msambaa aje auharibu kidogo. Mtani ana ruhusa ambayo hata imamu hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, akawasema wafiwa mbele ya umati, na mfiwa hawezi kununa. Anacheka, anafuta machozi, na msiba unapumua. Siku ya kuondoa matanga Zaidi, Msambaa wa kuzaliwa, alivaa kofia ya ukindu ya Swaumu, akabeba jembe lake begani, akajikunja uso, akapita katikati ya mikeka.

"Mzee Mhina," alisema kwa sauti ya kuita, "umekimbia, baba! Ulijua utaulizwa! Ulipewa binti mzuri, ukamwanika juani kama makopa ya muhogo, ukasahau kumwanua!"

Watu waliangua kicheko. Wanawake walipiga vigelegele. Swaumu mwenyewe alicheka mpaka akainamia bega la shangazi yake. Zaidi alivua kofia, akaweka jembe chini, akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Tangu siku hiyo kila alipompigia Swaumu simu iliita ikakatika, ikaita ikakatika, miezi mitatu.

"Nimekutumia meseji nyingi," alisema sasa.

"Ishirini na sita."

"Ulizisoma?"

"Zote."

"Hukujibu hata moja, Swaumu."

"Ningejibu nini? Zote zinasema kitu kimoja. Nisamehe kwa utani ule, nisamehe kwa utani ule."

"Kwa sababu nilijua nimekuumiza."

Swaumu alimtazama. Kwa ile dawa nyeupe hakuna kilichosomeka usoni pake isipokuwa macho. "Zaidi, wewe ni Msambaa wa wapi? Tangu lini mtani akaomba msamaha?"

Zaidi aligeukia mashine, akakikagua kifuniko chake.

"Mtani wetu mwingine, Mzee Erasto wa Hale, alikuja siku ile ile. Kavaa kilemba cha marehemu, kasema baba yangu amekufa kwa uchoyo, alibana pumzi isitoke bure. Tumecheka. Kesho yake kaja kwetu kunywa chai. Aliomba msamaha? Hakuomba. Angeomba tungekaa tunaulizana, kumbe mwenzetu alikuwa anasema kweli?"

"Mimi nilikuwa..."

"Subiri nimalize, neno hili nimelisafirisha kutoka Kabuku." Sauti yake haikupanda. "Siku ile nilicheka, Zaidi. Haki ya Mungu nilicheka kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimelia siku tatu, nikasema huyu mwanaume wangu ndiye kanifuta machozi. Nikakutengea sahani, maana mtani akishatania anakula na wafiwa, hayo unayajua. Nikakutafuta. Nikaambiwa umeshapanda bodaboda. Nikasema labda ana zamu. Jioni yake ikaingia meseji ya kwanza. Nisamehe. Nikaenda kwenye kioo."

Mashine iliendelea kuvuma. Kilichomuuma Zaidi kuliko yote ni kwamba miezi mitatu alikuwa akijiona mtu mwema anayeomba radhi, kumbe kila meseji ilikuwa inaenda Kabuku kumchoma mtu upya. Mwanaume akishajiona mwema ndipo anapokuwa hatari, na huyu wetu alikuwa amejiona mwema mara ishirini na sita.

"Sasa nakuuliza, na unijibu," Swaumu alisema. "Ulikuwa utani, au haukuwa?"

Angeweza kusema ulikuwa. Neno moja tu, na huenda lingepokelewa. Aliyatazama yale macho akaona kwamba uongo wa leo ungemweka pale pale alipo kwa maisha yake yote.

"Haukuwa," alisema.

Swaumu alivuta pumzi. "Ehe."

"Maneno yale hayakuwa yangu."

"Ya nani?"

"Ya mama."

Akamweleza. Siku ya Idi alipanda kwao Soni na picha ya Swaumu kwenye simu, ile ya shambani, amekaa chini ya mchungwa na kikapu mapajani, anacheka. Alitaka kumwambia mama yake, Bi Hafsa, kwamba huyu ndiye, na wazee wajiandae kupeleka posa. Bi Hafsa alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda. Watu wa milimani wanaishi na ukungu na baridi, nyuso zao hazijui jua la Handeni. Akasema: "Mwanangu, huyu walimwanika wapi? Mbona kama makopa yaliyosahauliwa juani? Watu watasema umeniletea dada yangu." Na dada zake Zaidi waliokuwa jikoni wakacheka.

"Na wewe?" Swaumu aliuliza.

"Nilicheka."

"Ukasema nini?"

Zaidi alitazama mashine. Hili hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na alikuwa amelibeba tangu Idi. "Nilisema picha haikutoka vizuri."

Nje bajaji ilipita, mtu akaita mtu.

"Picha ile ilitoka vizuri," Swaumu alisema polepole. "Uliipiga wewe."

"Najua."

"Ulisema unaipenda kuliko zote."

"Naipenda, Swaumu. Mpaka leo naitazama. Ndiyo maana nilishindwa kukaa na maneno yale. Nilifikiri nikiyasema msibani, watu wakicheka, na wewe ukicheka, yatageuka utani kweli, yatanitoka. Nilipokuona unacheka vile, umeniamini vile, nikashindwa hata kukaa kwenye mkeka. Nikakimbia."

"Na barabara ya Soni?"

"Barabara gani?"

"Iliyokatika na mvua. Mjomba Awadhi kila nikimwona ananiuliza, hawa watu wa milimani wanakuja au hawaji? Namjibu, mjomba, wazee wamekwama, barabara imekatika. Nimemwambia hivyo tangu kabla ya msiba, kwa sababu wewe uliniambia hivyo."

"Barabara ilikuwa nzima," Zaidi alisema.

"Kwa hiyo na mimi umenifanya mwongo. Kwa mjomba wangu, mtu pekee aliyebaki wa kunisemea."

Mashine ilipungua kasi, ikavuma kwa uchovu, ikasimama. Zaidi alifungua kifuniko. Chupa zilikuwa zimejigawa vizuri, wekundu chini, maji ya njano juu, masafi. Alianza kuyavuta kwa bomba la sindano, akasita, akaliweka chini.

"Usichome," alisema ghafla. "Swaumu, nakuomba. Mimi uso wako naupenda hivi hivi ulivyo. Sitaki uumie kwa sababu yangu."

Hapo kwa mara ya kwanza Swaumu alikasirika. Alijiinua kwenye kiti.

"Kwa sababu yako? Nani kakwambia? Unadhani nimeamka saa kumi alfajiri, nimemwachia mjomba shamba na palizi haijaisha, nije nijipambe kwa ajili ya mama yako? Ngozi hii inaniuma, Zaidi. Inapasuka nikicheka. Jasho likiingia inawaka. Miaka minane nilikuwa siisikii, maana nilikuwa na mzee wa kumgeuza kitandani na kumlisha. Sasa mzee hayupo. Nimeanza kuisikia. Nataka mtu mmoja auguse uso huu kwa kuutibu, basi. Wewe nilitaka uwepo uone tu damu inayotoka ni ya nani."

Zaidi alitoa simu mfukoni. Hata yeye hakujua kama ni ujasiri au ni kule kukosa pa kujificha. Alitafuta jina, akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akailaza simu mezani katikati yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Umekula? Huku mvua inanyesha, nguo hazikauki wiki nzima." Sauti ya Bi Hafsa ilijaa chumba, nene, yenye upendo, sauti ya mwanamke anayeongea huku akimenya kitu.

"Sijambo, mama. Nina neno. Unakumbuka siku ya Idi, ile picha ya Swaumu?"

"Yule wa Kabuku. Nakumbuka."

"Yale maneno uliyoyasema, ya makopa. Nilimwambia."

Kumenya kulikoma. "Ulimwambia mimi nimesema?"

"Hapana. Niliyasema kama yangu. Msibani kwa baba yake, mbele ya watu wote."

"Ewe Zaidi!" Sauti ya Bi Hafsa ilishuka. "Mimi niliyasema jikoni kwangu, na wanangu. Mdomo wangu mbaya, naujua. Lakini msibani nilikutuma mimi?"

"Hukunituma."

"Mbele ya mtoto wa watu amefiwa?"

"Ndiyo, mama. Na wewe siku ile nilipaswa nikukatalie. Nilipaswa niseme, huyo ndiye nimempenda, hivyo hivyo. Nikacheka."

"Yuko wapi huyo binti?"

"Yupo hapa. Anakusikia."

Swaumu alikuwa ametoa macho, akitikisa kichwa kumkatalia, lakini jambo lilishatoka. Akavuta mtandio mbele, kana kwamba Bi Hafsa angeweza kumwona na ule uso mweupe, akasogea karibu na simu.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Pole sana." Bi Hafsa alikohoa, akatafuta maneno, na kama watu wote waliobanwa akakimbilia mlango uliokuwa karibu. "Mwanangu, sisi na nyie si watani? Yale yalikuwa... yalikuwa utani tu wa watu wa milimani. Usiyaweke moyoni."

Zaidi alifumba macho. Machozi mawili yalimtoka Swaumu, yakachimba njia kwenye dawa nyeupe mpaka kidevuni.

"Ndiyo, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa na adabu yote aliyofundishwa. "Utani tu. Nyie mna baridi, mnatuonea wivu jua letu."

Bi Hafsa alicheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba. "Haya, mwanangu. Haya. Una maneno wewe. Mungu akubariki."

Simu ilipokatika Swaumu alijifuta kidevu kwa ncha ya mtandio, kwa uangalifu asiondoe dawa.

"Umemsamehe," Zaidi alisema, na tumaini lilianza kumwinuka kifuani.

"Mama yako ni mtani wangu. Kanipa utani, nimempa utani, tumemaliza." Aliegemea kiti. "Wewe uliomba msamaha. Nami msamaha sina bado."

Daktari Agripina aliingia na taa yake ya kichwani, akaufuta uso wa Swaumu ile dawa yote, akambonyeza shavu. "Ganzi imeshika. Lala hapa. Zaidi, leta maji yetu, halafu unishikie kichwa chake asitikisike. Chini ya macho huwa panauma hata kwa ganzi."

Akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, viganja kwenye masikio. Uso wa Swaumu ulikuwa chini ya macho yake, karibu kuliko ulivyowahi kuwa, wazi kabisa, bila dawa wala mtandio. Sindano iliingia shavuni, ikatoka. Ikaingia tena, upana wa punje ya mchele pembeni. Kila ilipotoka iliacha tone dogo la damu, na daktari alilifuta na kuendelea. Swaumu hakufumba macho. Alimtazama Zaidi muda wote ule, na Zaidi alijilazimisha asitazame kando, maana kutazama kando ndiko kulikomfikisha hapo. Aliiona mikunjo yote. Aliona baka moja karibu na jicho la kushoto ambalo hakuwahi kuligundua, na alijua kwamba analipenda, na kwamba kulijua huko hakumsaidii mtu.

"Inauma?" daktari aliuliza walipofika chini ya macho.

"Inavumilika," Swaumu alisema bila kutikisa midomo.

"Wewe Zaidi, mbona unalia? Sindano anachomwa nani?"

Daktari alikuwa mtu mzima, akaendelea na kazi yake.

Walipomaliza, uso ulikuwa mwekundu na umevimba vimba. Daktari alimpa masharti: asiuguse mpaka kesho, asikae juani wiki nzima, kofia pana akitoka, na mambo ya palizi awaachie wengine. Kisha akachukua kadi. "Mara ya pili ni baada ya wiki nne. Tuweke Jumamosi, kama leo?"

Swaumu alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo cha ukutani, akijifunga mtandio.

"Daktari," alisema, "hakuna siku ambayo huyu hayupo?"

Daktari Agripina alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mwezi ujao nitakuwepo Jumatano pia. Jumatano ana zamu hospitalini."

"Basi niandikie Jumatano."

Zaidi alimfuata mpaka barazani. Jua la saa sita lilikuwa limesimama uwanjani, na Swaumu alijitanda mtandio mbele ya uso kama alivyoagizwa, yakabaki macho.

"Mjomba akikuuliza utamwambia nini?"

"Nitamwambia hamji. Nimechoka kumdanganya."

"Na nikija?"

Swaumu alishuka ngazi ya kwanza, akageuka. "Kuja na kutokuja ni kwako. Mimi sitakuombea njia kwa mjomba. Mpaka leo, Zaidi, kila ulipopaswa kunisemea ulikuwa unacheka au unakimbia."

Akaita bajaji, akaingia, akapotea kona ya barabara kuu. Zaidi alibaki barazani. Ndani alikuwa na chupa tatu za kuosha, zenye wekundu uliobaki chini, na mgonjwa wa saa saba ambaye hajaandaliwa. Alitoa simu. Namba ya Mjomba Awadhi alikuwa nayo tangu mwaka jana, aliombwa aipige amweleze mzee habari za posa, na hakuwahi kuipiga hata siku moja. Iliita mara nne.

"Shikamoo mjomba. Ni Zaidi, wa Korogwe."

"Marahaba! Mtani!" Sauti ya mzee ilichangamka, na nyuma yake yalisikika majembe na watu shambani. "Yule mwanika makopa! Mpaka leo tunakucheka. Ngoja, ngoja niwaite wenzangu waache majembe waje wasikie. Leo umetuletea kipi?"

Zaidi alishika nguzo ya baraza.

"Usiwaite kucheka, mjomba. Waite wasikie tu," alisema. "Leo si utani."